Mtoto Akivushwa Mpaka Bila Ridhaa: Jinsi ya Kuendesha Kesi ya Kumrejesha Ukiwa Nairobi

Mzazi anayegundua kwamba mwenzake amemvusha mtoto mpaka bila ridhaa yake, au amekataa kumrudisha baada ya likizo, hufika kwa wakili akiwa na swali moja tu: nitampataje mtoto wangu? Mahakama huanza na swali jingine, nalo ni mahakama ya nchi gani inayostahili kuamua juu ya malezi ya mtoto huyu. Mzazi asiyelijua hilo hutumia wiki zake za kwanza, ambazo ndizo zenye thamani kubwa zaidi, kukusanya ushahidi wa ubaya wa mwenzake, ilhali hajathibitisha mambo matatu yatakayoulizwa kwanza: mtoto alikuwa akiishi wapi, yeye mwenyewe alikuwa na haki gani juu ya malezi yake, na ni tarehe ipi ambayo mtoto alipaswa kuwa amerudi.

Mwongozo huu ni wa mzazi aliye Nairobi, au mwenye jamaa Nairobi wanaomsaidia, ambaye amekumbwa na mojawapo ya hali tatu. Huenda mtoto ametolewa Kenya na kupelekwa ng'ambo. Huenda ameletwa Kenya kutoka nchi alimokuwa akiishi. Au huenda familia ilikuwa ikiishi ughaibuni na mtoto akahamishwa kutoka nchi moja ya kigeni hadi nyingine. Kila hali ina njia yake. Mwongozo hauchukui nafasi ya wakili, lakini utakuwezesha kumwendea ukiwa na karatasi anazozihitaji.

Hatua ya kwanza: saa za mwanzo

Ikiwa kuna uwezekano kwamba mtoto hajaondoka nchini, usianze na mabishano ya simu. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, toa taarifa kwamba mtoto hajulikani aliko au yuko katika hatari ya kutolewa nchini, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Huenda afisa akakuambia kwamba hayo ni mambo ya nyumbani na kwamba mtoto yuko na mzazi wake. Usibishane naye juu ya sheria. Omba tu taarifa yako iandikwe, kwa sababu unachohitaji wakati huo ni kumbukumbu yenye tarehe na saa ambayo hakuna atakayeweza kuikana baadaye.

Siku hiyo hiyo wakili wako awasilishe ombi kwa mfumo wa mtandaoni ambao mahakama za Nairobi zimekuwa zikiutumia tangu Julai 2020, likiambatana na cheti cha dharura, akiomba amri ya muda inayomzuia mtu yeyote kumtoa mtoto nchini hadi pande zote mbili zisikizwe. Mahakama inaweza kutoa amri ya namna hiyo baada ya kusikiza upande mmoja, ikiridhika kwamba kusubiri kutamaanisha mtoto ameshaondoka. Amri ikitolewa, usiiache ndani ya faili. Ipeleke Idara ya Uhamiaji katika jumba la Nyayo House ukiwa na nakala ya pasipoti ya mtoto, au kama huna, jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa kama zilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na uombe vituo vyote vya mpakani vijulishwe. Wengi hufikiria uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta peke yake, lakini mtoto anaweza kupandishwa basi la usiku katikati ya jiji na kufikia alfajiri awe amefika Busia, au achukuliwe asubuhi na kabla ya saa sita awe Namanga. Taja mipaka ya nchi kavu kwa majina yake katika ombi lenyewe.

Kama mtoto ameshaondoka, taarifa ya polisi bado inahitajika, kwa kuwa ofisi ya Interpol ya hapa nchini hufanya kazi kupitia polisi, na notisi ya manjano ya kumtafuta mtu aliyepotea haiombwi na mzazi moja kwa moja. Wizara ya Mambo ya Nje na balozi zetu zinaweza kusaidia kumtafuta mtoto na kuulizia hali yake, lakini hakuna balozi mwenye uwezo wa kuamuru mtoto arudishwe. Uwezo huo ni wa mahakama pekee.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika hatua hii ni maneno unayomwandikia mzazi mwenzako. Hasira zikishapoa kidogo, mzazi aliyeachwa huandika kwenye WhatsApp kwa nia njema ya kutuliza mambo: “Sawa, akae huko kwanza, tutaongea Desemba.” Miezi kadhaa baadaye ujumbe huo huo huchapishwa, huambatishwa kwenye hati ya kiapo ya upande wa pili, na jaji huusoma kama ushahidi kwamba uliridhia mtoto abaki. Andika badala yake maneno machache yasiyo na matusi wala vitisho, kwa mfano: “Nilikubali asafiri hadi tarehe 28 Agosti kwa likizo tu. Sijakubali abaki huko baada ya tarehe hiyo. Naomba arudi Nairobi. Niko tayari tuzungumze kuhusu malezi yake akiwa amerudi.” Ujumbe kama huo hautamrudisha mtoto kwa nguvu zake, lakini utafunga mlango ambao mawakili wa upande wa pili wangependa kuukuta wazi. Usiwaruhusu shangazi, wajomba au marafiki wakuandikie kwa niaba yako, na usisaini karatasi yoyote ya makubaliano kabla wakili hajaisoma.

Hatua ya pili: jua ni sheria ipi inayokuhusu

Sheria inayotajwa zaidi katika kesi hizi ni Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu utekaji wa watoto kimataifa, ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba 1983 na ambao sasa una zaidi ya nchi 100. Wazo lake ni kwamba mzazi asipate faida ya kimahakama kwa kumhamisha mtoto kimabavu au kwa hila. Mtoto wa chini ya miaka 16 aliyetolewa nchi yake ya makazi ya kawaida kinyume cha haki ya malezi ya mzazi mwingine hurudishwa haraka katika nchi hiyo, ili mahakama za huko ndizo ziamue atalelewa na nani. Ni mkataba wa kesi za madai. Haumtii mtu hatiani, wala haumpi mzazi yeyote ushindi wa malezi.

Kenya haimo katika Mkataba huo. Uganda na Tanzania hazimo pia, na vivyo hivyo Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako Wakenya wengi hufanya kazi. Barani Afrika, miongoni mwa nchi zilizomo ni Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia, Lesotho, Mauritius na Moroko. Na ng'ambo zimo Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani na Australia. Hata kati ya nchi zilizomo, nchi iliyojiunga baadaye huhesabika tu mbele ya zile zilizokubali kujiunga kwake, kwa hiyo wakili lazima ahakikishe kwamba nchi zako mbili zinatambuana.

Matokeo ya Kenya kutokuwemo yanawaumiza wazazi wengi, nami naona ni pengo linalostahili kuzibwa, kwa sababu jiji hili ni makao ya familia nyingi zenye mguu mmoja huku na mmoja ng'ambo. Lakini maadamu hali ni hiyo, mzazi lazima aielewe. Mtoto aliyekuwa akiishi Nairobi akipelekwa London, baba au mama aliyebaki hapa hawezi kutumia Mkataba, hata kama Uingereza imo, kwa kuwa Mkataba unamlinda mtoto ambaye makazi yake ya kawaida yalikuwa katika nchi mwanachama. Atalazimika kwenda mahakama ya Uingereza kwa sheria za kawaida za huko, na mwaka 2005 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, liliamua katika kesi iliyohusu Saudi Arabia kwamba kanuni za Mkataba hazihamishiwi moja kwa moja kwa nchi zisizo wanachama: jaji anaangalia ustawi wa mtoto mwenyewe, ingawa mara nyingi ustawi huo utakuwa katika kumrudisha haraka nyumbani kwake. Hali kadhalika, mtoto aliyekuwa akiishi London akiletwa Nairobi, mzazi aliyeachwa London atakuja Milimani, yaani kwenye mahakama za Nairobi, na Milimani hapatakuwa na Mkataba. Ni familia ya hali ya tatu, iliyokuwa ikiishi tuseme Manchester na mtoto akapelekwa Johannesburg, ambayo itautumia Mkataba wenyewe.

Uraia haubadilishi lolote katika hesabu hii. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba mtoto ana pasipoti ya Kenya, basi hakuna mahakama ya nje inayoweza kumgusa. Swali ni mahali maisha yake yalipokuwa: shule aliyosoma, daktari aliyemtibu, marafiki aliocheza nao, nyumba aliyoiita kwao. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mtoto mchanga aliyezaliwa Italia, ilisema kwamba makazi ya kawaida huamuliwa kwa kutazama mazingira yote kwa pamoja, na kwamba makubaliano rasmi ya wazazi kuhusu mahali pa kuishi si sharti.

Hatua ya tatu: andika hati ya kiapo inayojibu kinachoulizwa

Hati ya kiapo ndiyo itakayozungumza kabla yako, na katika mahakama nyingi za kesi hizi ndiyo itakayozungumza badala yako, kwa sababu jaji huamua kwa karatasi na hoja za mawakili bila kuita mashahidi wengi. Ianze na makazi. Eleza kwa tarehe mtoto alizaliwa wapi, ameishi wapi na kwa muda gani, na ambatisha ripoti za shule, kadi ya kliniki, mkataba wa nyumba, kadi ya bima ya matibabu na tiketi ya ndege yenye tarehe ya kurudi. Tiketi ya kwenda na kurudi ina nguvu kuliko kurasa nyingi za maelezo, kwa kuwa inaonyesha kwa maandishi kwamba safari ilikuwa ya muda.

Kisha thibitisha haki yako. Kwa mtoto aliyekuwa akiishi Kenya, anza na Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010, inayosema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza na kumlinda mtoto wao, wawe wameoana au la. Baba ambaye hakufunga ndoa na mama wa mtoto asiogope sehemu hii, lakini awe na cheti cha kuzaliwa chenye jina lake, au ushahidi mwingine wa uzazi, na aonyeshe kwamba wajibu huo alikuwa akiutekeleza kweli: karo aliyolipa, pesa za matumizi alizotuma kwa M-Pesa, siku alizokaa na mtoto, simu alizompigia. Kwa mtoto aliyekuwa akiishi nchi nyingine, haki hupimwa kwa sheria ya nchi hiyo, na hapa usipuuze amri ndogo ndogo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mtoto aliyetolewa Chile, kwamba hata haki ya mzazi kutaka mtoto asitolewe nchini bila idhini yake ni haki ya malezi inayotosha kuanzisha ombi la kumrejesha. Amri uliyoidhani kuwa ya kuzuia safari tu inaweza kuwa ndiyo msingi wa kesi yako.

Baada ya hapo eleza kitendo chenyewe: lini mtoto aliondoka au alizuiliwa, ulikubali nini na hukukubali nini, ulijua lini. Tarehe hizi zihakikishwe mara mbili, kwani muda wa mwaka mmoja ambao nitauzungumzia huhesabiwa kutoka hapo. Matusi, tetesi za majirani na historia ya ugomvi wa ndoa viache nje, isipokuwa pale vinapohusu usalama wa mtoto. Jumbe za simu ziambatishwe nzima, bila kuchagua zinazokupendeza, zikiwa na nambari, tarehe na saa. Na zile zilizoandikwa kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani zitafsiriwe na mfasiri anayetambulika ikiwa kesi iko nchi ya nje.

Hatua ya nne: ikiwa mtoto yuko Nairobi

Mzazi aliyeachwa ng'ambo, au jamaa yake wa hapa aliyepewa mamlaka ya kisheria, ana milango miwili. Mahakama ya Watoto, inayoongozwa na hakimu, ina uwezo wa kusikiza masuala ya malezi na wajibu wa wazazi chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo ikachukua nafasi ya ile ya 2001. Mahakama Kuu, kitengo cha familia, huwa njia bora pale kesi inapogusa haki za kikatiba, amri za mahakama ya kigeni, au pale mtoto anapofichwa na panahitajika amri ya kumleta mbele ya jaji. Mimi ningependelea Mahakama Kuu kwa kesi yenye amri ya kigeni, kwa kuwa mabishano juu ya uwezo wa mahakama huibuka karibu kila mara, na ni afadhali yamalizwe mapema mahali penye mamlaka mapana.

Amri ya malezi iliyotolewa London au Toronto haitekelezwi hapa kama hundi inayopelekwa benki. Mahakama ya Kenya huiheshimu, huisoma na huipa uzito, lakini Ibara ya 53(2) ya Katiba inasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yenye umuhimu wa kwanza katika kila jambo linalomhusu, na hakuna karatasi ya nje inayolipita sharti hilo. Ndiyo maana wakili wa mzazi aliyeachwa anapaswa kuonyesha zaidi ya kuwapo kwa amri: aeleze kwa nini kurudi kunamfaa mtoto huyu. Kwa upande huo ataegemea pia Ibara ya 11 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na ambao unazitaka nchi zipambane na kuwahamisha watoto kinyume cha sheria na kutowarudisha. Na kwa mujibu wa Ibara ya 2(6) ya Katiba, mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya.

Mahakama huenda ikaagiza afisa wa watoto amtembelee mtoto anakoishi, azungumze naye na kila mzazi, kisha alete ripoti. Ripoti hiyo ina uzito mkubwa kuliko wazazi wanavyodhani. Mpokee afisa kwa heshima, mwonyeshe mtoto analala wapi na anasoma wapi, na usimfundishe mtoto maneno ya kusema. Maafisa wenye uzoefu hutambua upesi sentensi ya mtu mzima ikitoka kinywani mwa mtoto wa miaka saba. Kama mtoto ni mdogo sana, ujue pia kwamba mahakama za Kenya kwa muda mrefu zimeelekea kumwacha mtoto wa umri mchanga kwa mama yake pasipokuwa na sababu nzito, ingawa usawa wa wazazi uliowekwa na Katiba umeipunguza nguvu kanuni hiyo.

Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na katika mahakama za chini Kiswahili hutumika pia. Mwambie wakili mapema kama utahitaji mkalimani. Kesi za watoto husikizwa faragha na majina ya watoto hayachapishwi, kwa hiyo tafadhali usibandike picha ya mtoto mitandaoni ukiandika kwamba ameibwa. Naelewa uchungu unaomfanya mtu abonyeze kitufe hicho, lakini picha hiyo itabaki mitandaoni mtoto akiwa mtu mzima, na jaji anaweza kuitazama kama dalili kwamba mzazi ameweka vita vyake mbele ya mtoto.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, au Kituo cha Sheria. Nambari 116 ni ya simu ya bure ya kusaidia watoto, na inafaa pale mtoto anapodhulumiwa wakati kesi ikiendelea.

Hatua ya tano: ikiwa kesi iko katika nchi ya Mkataba

Mzazi wa hali ya tatu huanzia kwa mamlaka kuu, yaani ofisi ambayo kila nchi mwanachama lazima iwe nayo kwa ajili ya maombi haya. Afrika Kusini kazi hiyo hufanywa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Familia. Uingereza na Wales kuna kitengo maalumu kilichoko London. Ofisi hiyo humtafuta mtoto, hujaribu kupata kurudi kwa hiari, na husaidia kufungua kesi. Si lazima kupitia kwao: Mkataba unamruhusu mzazi kwenda mahakamani moja kwa moja. Gharama hutofautiana sana. Uingereza mzazi anayeomba chini ya Mkataba hulipiwa wakili na serikali bila kupimwa kipato, ilhali Marekani ilijiwekea nafasi ya kutolipa, hivyo mwombaji hujilipia au hutafuta wakili wa kujitolea.

Mahakama inatakiwa kwenda haraka, na wiki sita zikipita bila uamuzi, mwombaji anaweza kutaka maelezo ya sababu za kuchelewa. Katika hali halisi kesi nyingi huchukua muda mrefu zaidi. Muda ambao haupaswi kupita ni mwaka mmoja. Ombi likifunguliwa mahakamani kabla ya mwaka kwisha tangu mtoto achukuliwe au azuiliwe, na masharti mengine yakitimia, mahakama huamuru arudi. Likifunguliwa baada ya hapo, mzazi wa pili anaweza kuthibitisha kwamba mtoto ameshazoea mazingira mapya, na jaji akakataa. Kupeleka fomu kwa mamlaka kuu hakutoshi. Linalohesabiwa ni ombi kufika mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuusimamisha muda huo hata pale mtoto alipofichwa.

Mbali na kuzoea, mzazi aliyemchukua mtoto ana hoja nyingine chache tu: kwamba mwenzake hakuwa akitekeleza haki yake ya malezi, au aliridhia, kabla au baada ya tukio, kwamba mtoto mwenyewe, akiwa na umri na ukomavu wa kutosha, anapinga kurudi, kwamba kurudi kungevunja misingi ya haki za binadamu ya nchi aliko, na kwamba kuna hatari kubwa ya mtoto kupata madhara ya mwili au ya nafsi, au kuwekwa katika hali isiyovumilika. Hakuna umri maalumu wa mtoto kusikizwa.

Hoja ya hatari kubwa inahitaji kuzungumzwa kwa uangalifu, kwa sababu takwimu za Mkutano wa Hague, shirika la kimataifa linalosimamia Mkataba huu, zinaonyesha kwamba takriban robo tatu ya wazazi wanaodaiwa kuchukua watoto ni akina mama, na baadhi yao walikuwa wakikimbia kipigo. Mama wa namna hiyo akisikia neno utekaji hudhani ameshakuwa mhalifu na hujificha, jambo linalomharibia kabisa. Ajitokeze na aeleze. Alete fomu ya P3, ambayo polisi wa Kenya huitoa ili daktari aandike majeraha, ripoti za hospitali, nambari za OB, picha za majeraha zenye tarehe, amri ya ulinzi kama aliwahi kuipata, ambayo Kenya hutolewa chini ya sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Aonyeshe pia hatari hiyo inamgusaje mtoto, ikiwa ni pamoja na kile alichokiona au kukisikia akiwa chumba cha pili. Jaji atauliza kama nchi ya kurudi inaweza kumlinda mtoto na mama yake, kwa nyumba tofauti, amri ya kumzuia baba asikaribie, au usimamizi wa ustawi wa jamii. Mkutano wa Hague ulitoa mwongozo wa majaji juu ya hoja hii mwaka 2020, na wakili wa kila upande anapaswa kuusoma. Kwa mzazi anayeomba mtoto arudi, kukana kila kitu si busara. Ahadi za ulinzi zinazotekelezeka humsaidia zaidi kuliko kukanusha.

Lielewe pia jambo hili kabla ya kusikia uamuzi: amri ya kurejesha humrudisha mtoto katika nchi, haimkabidhi kwa mzazi fulani. Mzazi aliyemchukua anaweza kurudi naye, akaishi naye, na akashinda kesi ya malezi huko.

Kuhusu mashtaka ya jinai, tafakari kwanza. Uingereza, kwa mfano, ni kosa chini ya sheria ya 1984 kwa mzazi kumtoa mtoto wa chini ya miaka 16 nchini bila ridhaa inayotakiwa. Lakini mzazi anayejua kwamba atakamatwa akishuka kwenye ndege hatakubali kurudi na mtoto, na jaji wa nchi aliko anaweza kuona kwamba kukamatwa huko kutamwumiza mtoto.

Hatua ya sita: amri ikitolewa

Amri nzuri hutaja tarehe ya safari, nani anasafiri na mtoto, nani analipa tiketi, pasipoti inashikwa na nani hadi siku hiyo, na mtoto atalala wapi usiku wa kwanza. Amri inayosema tu kwamba mtoto arudishwe huzaa ombi jingine. Pale inapowezekana, masharti yale yale yaombwe katika mahakama ya nchi anakokwenda kabla hajaondoka, ili ahadi za wazazi ziwe na nguvu pande zote mbili za safari. Mtoto akirudi Nairobi, wakili afungue au afufue kesi ya malezi mara moja, na mzazi wa pili apewe ratiba ya simu za video tangu wiki ya kwanza, kwa sababu mahakama itakayoamua malezi itapima ni nani kati yenu anayemwezesha mtoto kumpenda mwingine.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Watoto ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu; kutoka Mahakama Kuu, notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14. Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Anayetaka mtoto abaki au arudi wakati rufaa ikisubiri kusikizwa lazima awasilishe ombi tofauti la kusimamisha amri, siku hiyo hiyo ikiwezekana, na aeleze ni madhara gani yatakayompata mtoto ikiwa amri itatekelezwa sasa kisha ibatilishwe baadaye. Na pale ombi la kumrejesha linapokataliwa kabisa, mzazi aliyeachwa bado anaweza kuomba katika mahakama ya nchi aliko mtoto haki ya kumtembelea, kuzungumza naye na kumpokea wakati wa likizo za shule. Ombi hilo liandaliwe kwa kalenda ya shule ya mtoto mkononi, likitaja wiki mahususi, viwanja vya ndege, nani atampokea, na dhamana ambayo mzazi yuko tayari kuiweka mahakamani hadi mtoto arudi.